Kigoda na Mawe

Mtemi Chilongola alikata roho siku ya kupepeta uwele.
Makapi yaliingia machoni mwa waombolezaji,
na hadi leo hatujui nani alilia, nani aliwashwa.

Jina la mrithi lilimfia mdomoni.
"Mhe..." alisema, na Mhembano akasimama.
"Mhe..." alisema tena, na Mhelela naye akasimama.
(Mjini Dodoma, siku hizi, silabi hiyo
hutangulia kila suti, na wanaosimama ni wengi zaidi.)

Mmoja wa nyumba kubwa, aliyezaliwa wa pili.
Mwingine wa nyumba ndogo, aliyetangulia kuliona jua.
Mila ilikuwa na miguu miwili
na kila mguu ulielekea kwa mama yake.

Usiku wa matanga Mhembano akabeba kigoda,
miguu mitatu, kimelainishwa na makalio ya watemi saba.
Mhelela akapita zizini, kati ya ng'ombe waliolala,
akatoka na chungu cha mawe ya mvua,
meusi, matatu, yakinukia samli.
Kulipokucha nchi ya Ikungulu ilikuwa na watemi wawili
na hapakuwa na mtemi.

Kwani mwenye kigoda alikata kesi
ila mawingu hayakumjua,
na mwenye mawe aliyapaka mafuta asubuhi na jioni
ila nani angempelekea kondoo mweusi
mtu anayehukumu akiwa amechuchumaa?

Uwele ulifika goti la mtoto, ukachoka.
Dada yao Mbeleje aliteremka hadi Bahi, akapanda, akateremka,
nyayo zimepasuka kwa magadi.
"Nipeni mimi vyote viwili," akasema,
"nivifungie ghalani mpaka mpate akili."
Walicheka. Wote wawili, kwa sauti ileile ya baba yao.
Hawakucheka pamoja tena.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime:
tulishika, na ardhi ikaturudishia jembe.
Wakipatana, chukua kapu ukavune:
hawakupatana,
lakini makapu yalikuja,
yakiteremka ukingo wa bonde vichwani mwa watu tusiowajua.

Ni Mhelela aliyewaita. Alitanguliza mitamba ishirini.
Walikuja thelathini, wenye ngao ndefu, wenye adabu,
wakasalimia hata watoto.
Siku ya kumi tukawahesabu, walikuwa mia tatu,
na hatukuona walipita wapi.

Mhembano alikufa kwenye matope ya Bahi,
kigoda mgongoni kama mtoto mgonjwa.
Siku tatu baadaye Mhelela alitoka mlangoni mwa tembe lake
kuwashukuru wageni.
Neno la shukrani, wanasema, alilifikisha nusu.

Mkuu wao alikikalia kigoda mara moja, kikayumba,
mkewe akakipasua kuni za kuchemshia mlenda.
Jiwe moja likawa la kusagia chumvi.
Moja mtoto alilitupa kwa kunguru, halikuonekana.
La tatu liliwekwa mlangoni, kuzuia upepo.

Na mvua ikanyesha.

Ilinyesha kwa fujo, bila kondoo, bila mafuta,
siku tisa, mpaka paa za tembe zikaota majani
na vyura wakafika jikoni.
Tulisimama nje tukilowa, tumenyamaza.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikinga kwa kibuyu.

Mbeleje aliikinga.
Alikuwa na mimba ya miezi minne
na hakumwambia mtu ilikuwa ya nani
mpaka mtoto alipotoka na pua ya watu wa ukingoni.

Mimi nimetokea huko.
Harusini, watu wa Kigoda bado hukaa kushoto
na watu wa Mawe kulia,
wakinuniana juu ya nyama moja,
wote wakiitwa kwa jina la ukoo la wale waliovuka.

Jiwe la tatu lipo kwa shangazi yangu. Linazuia mlango.
Mwaka jana niliinama nikalinusa.
Linanuka miguu.
"Usilisogeze," akasema,
"kuku wataingia."